Tulibishania Rangi ya Mlango

Ebo! Sogeeni nikae, leo nina la moyoni. Muuza kahawa, nimiminie, na kashata ziwe mbili. Hili la ofisini kwetu halisemeki kwa mdomo mkavu.

Miaka yote tumetumia Windows ya kuchakachua. Msinikodolee macho, hata ninyi mnazo! Oktoba 2025 ikafika, Microsoft wakaacha kuihudumia Windows 10, na vikongwe vyetu vya kompyuta havina ubavu wa kubeba 11. Bosi akapiga hesabu ya kununua mpya, akashusha pumzi kama tairi iliyokanyaga msumari. Jumatatu tukakuta Linux. Ya bure! Bosi kifua mbele, utadhani kaokota almasi Mwadui.

Haya, sasa tuandikie nini barua? Kikao! Saa tatu nzima, chai na sambusa. Mmoja anataka OpenOffice, kisa aliisikia akiwa chuoni. Ndugu yangu, wengi wa waliokuwa wakiitengeneza walijitenga mwaka 2010 wakaanzisha LibreOffice, lakini mwenzetu kang'ang'ania jina kama mchumba wa zamani. Mwingine anataka OnlyOffice, eti sura yake inashabihiana na ya Word. Sura! Na katika saa tatu zile, wallahi, hakuna aliyefungua hata faili letu moja akajaribu. Anayehama nyumba hupima kwanza kama kitanda kitapita mlangoni. Sisi tulibishania rangi ya mlango.

Ikapita LibreOffice. Kesho yake, tobaa! Proforma ya mteja, ukurasa mmoja tangu iumbwe, ikatoka kurasa mbili: bidhaa zote huku, na kule sahihi ya bosi imebaki peke yake kama mjane. Mhasibu akapiga yowe: "Vya bure hivi!" Kumbe ni herufi tu. Barua zetu zote ziliandikwa kwa Calibri, na Calibri ina mwenyewe, haiji na Linux. Ikikosekana, kompyuta inaweka fonti nyingine pana zaidi, mistari inasukumana kama abiria wa Mbagala. Fundi akatuwekea Carlito, ya bure, ambayo upana wa herufi zake ni uleule. Sahihi ikarudi kwa mumewe.

Tukadhani yameisha. Lo! Ikaja siku ya mshahara. Jedwali letu lina kitufe: ukibonyeza, makato yote yanajipanga. Mhasibu akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kwa kidole cha hasira. Kimya! Ni makro ya Excel, na si kila makro ya kule hukubali kucheza huku. Aliyeitengeneza ni kijana wa mafunzo kazini, kashaondoka zamani. Miaka yote tumelipwa na kitufe ambacho hakuna anayejua kinafanya nini, halafu lawama apewe Linux. Mmh!

Na kinachoniuma zaidi, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili chetu. Pale kikaoni nilipoitaja, wakanicheka. Jambo gani tena, mzee?

Jana bosi kaniita: tunaandaa kikao kingine, cha kuchagua programu ya stoo. Nikamuuliza, tutaanza kujaribu na faili lipi? Akanijibu, "Kwanza tuagize sambusa."

Nimiminie kingine, mwanangu.