Pole si Samahani: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Vifurushi

Ngamiani, Tanga

Kwa Mkurugenzi wa Vifurushi, Ving'amuzi na Tamthilia Zilizotafsiriwa.
(Jina la kampuni nalihifadhi. Ukijitambua, ni wewe.)

YAH: KUOMBA KURUDISHIWA NENO "POLE"

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wako mwaminifu, yaani hulipa kila unaponikatia. Leo nimepata nafasi ya kukuandikia kwa sababu kifurushi changu kiliisha jana saa nne usiku, yule dada wa Istanbul akiwa ameshika bahasha na hajaifungua. Usiku kucha nimelala na bahasha ya watu kichwani.

Sikufundishwa kumdai mtu kabla ya kumjulia hali, kwa hiyo naanza na hongera. Umefanya jambo kubwa kuzitia tamthilia za Kituruki sauti za Kiswahili. Bibi yangu anakaribia miaka 90, na yale maandishi yaliyokuwa yakikimbia chini ya picha hakuwahi kuyafukuzia. Alikuwa akitazama nyuso tu, anatikisa kichwa: "Watu wa huko wanalia sana, sijui wamefiwa na nani." Sasa, kwa hisani yako, anajua wamefiwa na nani. Balaa lilianzia hapo hapo.

Ilikuwa Jumatatu. Mzee mwenye viwanda vya nguo alikuwa amefariki katika sehemu iliyotangulia. Binti yake amekaa kwenye kochi jeupe, la aina ambayo kwetu lingevikwa vitambaa siku ile ile linaposhushwa kwenye mkokoteni. Akaingia kijana, miwani ya jua usoni, suti imemkaa. Akainamisha kichwa, akasema kwa Kiswahili kizito: "Samahani kwa hasara yako."

Bibi akaweka kikombe chini.

"Mume wangu," akaniita, maana mimi ni mjukuu wake na utani huo ni haki yake, "kumbe ni huyu aliyemuua?"

"Hapana, bibi. Anampa pole."

"Pole gani? Mimi nimesikia anaomba radhi. Na hiyo hasara ni ya nini? Marehemu alikuwa gunia la viazi?"

Nikakosa la kusema. Tangu siku hiyo, kijana yule akitokea tu, bibi hunyoosha kidole: "Huyo! Anakunywa kahawa yao na damu ya mzee wao iko mkononi." Zimepita sehemu 14. Kijana amemliwaza mfiwa, amempenda, amemposa, wamevishana pete. Bibi hajalegeza hukumu. Kwa macho yake, binti anaolewa na muuaji wa baba yake, na washenga ni ninyi.

Nimekaa nikaipeleleza safari ya sentensi ile. Waturuki, kwa wanaokijua Kituruki, humwombea mfiwa kichwa chake kibaki salama. Ni dua nzuri, haina kosa wala hasara ndani yake. Nahisi haikuja kwetu moja kwa moja. Ilitoka Istanbul ikapitia London, na huko neno moja linafanya vibarua viwili: linaomba radhi na linatoa pole. Msafiri alipofika Ngamiani akashushwa na mzigo usio wake. Mtafsiri wako aliupokea kama ulivyo, akaupitisha hewani, akaenda kula.

Kama ingekuwa sentensi moja ningenyamaza. Lakini nyumbani kwangu sasa tunazungumza Kitamthilia. Juzi fundi baiskeli wa hapa kona aliteleza kwenye tope la bombani, akaanguka na ndoo yake, maji yote yakammwagikia. Enzi zetu mtaa mzima ungepiga ukelele mmoja: "Pole!" Hata adui yake angesema, kisha acheke baadaye, ndani. Binti yangu, mwenye miaka 9, alimsogelea fundi aliyekuwa bado kakaa topeni, akamwuliza taratibu: "Uko sawa?" Fundi akajitazama, akatazama ndoo, akamjibu: "Mwanangu, mtu aliye sawa anakaaga hivi?"

Kaka yake naye anasoma bweni. Alikuwa akipiga simu anasema, "Haya baba, wasalimie." Siku hizi anamaliza kwa "Nakupenda, baba." Mara ya kwanza nilishtuka, nikadhani amefukuzwa shule. Nimekuja kugundua kwamba "nakupenda" inatangulia, na "nitumie elfu kumi" inafuata kwa ujumbe kabla sijaweka simu mfukoni.

Usinidhanie mzee wa kuchukia kila kigeni, Mkurugenzi. Sisi tumelelewa na picha za kigeni. Unguja walipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na sisi wa Bara tukasubiri hadi 1994 vituo vya watu binafsi vilipoanza. Cha serikali kilikuja mwaka 2000. Hata hapo, runinga ilikuwa mali ya mtaa iliyohifadhiwa kwa mtu mmoja. Kwetu ilikuwa Barabara ya 8. Ngamiani mitaa yetu ina namba, kwa hiyo mtu wa Tanga akikuambia anaijua barabara ya nane barabara, ujue hajakosea wala hajarudia.

Sheria za nyumba ile zilikuwa tatu: unawe miguu, ukae mkekani, na usiulize kitu wakati wa taarifa ya habari. Kijana mmoja alipewa cheo cha antena. Alipanda juu ya bati akazungusha mwanzi, na sisi huku chini tukimpigia kelele: "Hapo hapo! Umepita! Rudi!" Bibi, aliyekuwa akipita zake na kapu la sokoni, alisema: "Wamempandisha paa, naye hapai." Picha ikija ilikuja na chenga. Siku za mpira ilikuwa kazi kujua zipi ni chenga za winga na zipi ni chenga za antena, na mlinda mlango alilaumiwa kwa zote mbili.

Chuo chetu kikuu lakini kilikuwa kibanda umiza cha video. Shilingi hamsini mlangoni, mabenchi ya mbao za jeneza (hivyo ndivyo tulivyoambiwa ili tusiyakalie ovyo), blanketi dirishani, na jasho la watu 60. Pembeni ya deki alikaa mtafsiri na kipaza sauti chake. Nchi nzima ilimjua Kapteni Derek Mukandala, yaani Lufufu, ambaye sauti yake ilisafiri kwenye kanda mpaka mikoani. Sisi tulikuwa na wa kwetu, mwanafunzi wa Lufufu kwa kusikia tu. Kichina hakukijua. Kihindi alikijua cha nyimbo. Lakini alitujua sisi.

Stelingi akipigwa Hong Kong, alikuwa anapelekwa kituo cha polisi cha Chumbageni kuchukua fomu ya matibabu. Mama wa adui alikuwa anauza mihogo Makorora. Nakumbuka onyesho moja: adui amemwelekezea stelingi bastola, anafoka, anaonyesha kiti. Mtafsiri akasema: "Adui anamwambia, kaa!" Akanyamaza kidogo. Stelingi naye alikuwa amenyamaza, anamkodolea adui macho. Mtafsiri akamalizia: "Stelingi anauliza, kaa yupi? Wa moto, wa baharini, au nikae chini?" Benchi la nyuma lilivunjika kwa kicheko. Hakuna Mchina yeyote aliyewahi kuandika utani ule. Ulizaliwa pale pale kwenye blanketi, na mpaka leo ukimwambia "kaa" mtu wa rika langu, atakuuliza yupi.

Na stelingi alipofiwa na mwalimu wake, akapiga magoti kwenye mvua, rafiki akamwekea mkono begani na kusema kitu cha Kichina, mtafsiri alituliza sauti: "Anamwambia pole, ndugu yangu, kazi ya Mungu haina makosa." Kibanda kizima, watu 60 wenye jasho, kikaitikia kwa sauti ya chini: "Pole." Tuliwahi kumpa pole mtu wa kwenye kanda, Mkurugenzi. Mtafsiri yule angekamatwa leo angeshtakiwa kwa kupotosha filamu. Lakini hakuna bibi aliyetoka pale akamdhania mfariji kuwa muuaji.

Kisha mkaja ninyi. Usiku wa kuingia mwaka 2013 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, na mwezi mmoja baadaye ikafika zamu yetu Tanga. Nilinunua king'amuzi, nikamweleza bibi kwamba jina hilo linatokana na kung'amua. Akakitazama kile kisanduku na taa yake nyekundu. "Kama kinang'amua," akasema, "mbona kila mwisho wa mwezi kinaniuliza hela? Hakijang'amua tu kwamba sina?"

Neno kifurushi nalo limemshinda. Katika maisha yake, kifurushi ni kitu anachokuja nacho mgeni: sukari kilo moja, mkate wa ajemi, kipande cha kanga. "Hiki cha kwenu," ananiambia, "ndicho kifurushi cha kwanza nilichokiona kinachotoka kwangu kwenda kwa mgeni."

Runinga ile ya kwanza ilikuwa ya chogo. Ilijaza meza, lakini haikumpa mtu kisogo, maana mtaa mzima ulijipanga mbele yake. Hii bapa niliyonayo haina kisogo kabisa, na ndiyo inayotupa kisogo. Kila nyumba ina yake, kila simu ina yake. Bibi na mimi ndio wawili tuliobaki kwenye mkeka, na kati yetu wawili hatujakubaliana bado ni nani aliyemuua mwenye viwanda.

Nisingeandika barua hii kwa ajili ya utani peke yake. Mwezi uliopita jirani yetu, mzee aliyekuwa akituuzia kahawa jioni, alifariki. Tukaenda msibani. Wanaume tulikaa nje chini ya turubai, wanawake mikekani ndani, na nilisimama mlangoni kumpitisha bibi aliyekuwa ameshikwa mkono na binti yangu. Wakafika kwa mjane. Mtoto, kwa adabu zote alizofundishwa nawe kila siku saa tatu usiku, akasema: "Samahani kwa kifo cha babu."

Mjane aliinua macho. Akina mama wawili waliokuwa wakisoma wakanyamaza. Neno samahani lina jibu lake, Mkurugenzi. Lina mzizi mmoja na kusamehe, na aliyeombwa hana budi kusamehe au kukataa. Mama wa watu akawa anamtazama mtoto wa miaka 9 akitafuta kosa la kumsamehe.

Bibi akamvuta mtoto karibu. "Hukumuua wewe," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sema pole."

"Pole, bibi."

"Nimeshapoa, mwanangu," akasema mjane, na hapo ndipo alipoanza kulia. Alikuwa hajapoa hata kidogo. Lakini pole ilimpa jibu la kushika, na jibu lenyewe lina kupoa ndani yake. Samahani ilimpa kesi.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naleta maombi yangu kama ifuatavyo:

(a) Neno "pole" lirudishwe kazini mara moja na lilipwe malimbikizo yake yote. Limeachishwa bila barua. Lilikuwa likitumika kwa aliyefiwa, aliyeteleza, aliyechoka, anayetoka safari na anayetoka kazini, na halikuwahi kudai posho.

(b) Katika chumba mnachoingizia sauti awekwe bibi mmoja. Hahitaji cheti. Apewe kiti chenye mgongo, kahawa chungu na kashata mbili. Kazi yake ni kusikiliza, na kila atakapouliza "ndiyo nini?", sentensi irudiwe upya. Mtaona gharama yake ni ndogo kuliko matangazo mnayoniwekea katikati ya kilio.

(c) Watafsiri wenu wapewe muda na malipo yanayofanana na kazi. Najua wengine wao wanakijua Kiswahili kuliko mimi. Lakini mtu aliyepewa sehemu nzima ya tamthilia jioni ili iwe tayari asubuhi atatafsiri maneno tu, watu hatawafikia.

(d) Yule kijana mwenye miwani arudishwe mbele ya kipaza sauti, hata kwa nusu dakika, amwambie mchumba wake: "Pole sana. Tumeondokewa." Hilo tu. Bibi ni mtu wa dini, atamwachia.

Nakuomba uharakishe hilo la mwisho. Mshahara unatoka Ijumaa, na nitalipia kifurushi siku hiyo hiyo. Harusi, kwa mujibu wa tangazo lenu, ni Jumamosi. Bibi amesema hatahudhuria, na anataka kujua polisi wa Chumbageni wanangoja nini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteja wako wa Barabara ya 8

Nakala: Mtafsiri wa kibanda chetu, popote alipo. Pole na kazi.