Sifa za Mlinzi wa Viporo

Hapa Eldoret trekta limesifiwa, mahindi yamesifiwa, na wanariadha ndio usiseme. Programu ya kufuatilia kazi, ambayo waandishi wa programu huifungua hata kabla ya chai ya asubuhi, huambulia miguno tu. Leo ipewe haki yake.

Kwanza, nasaba. Februari 2001 mafundi 17 wa programu walikutana Snowbird, jimboni Utah, wakaafikiana kwamba watu na mazungumzo yao watangulie, taratibu na vifaa vifuate. Mwaka uliofuata kampuni ya Atlassian ya Sydney ikatuletea kifaa, Jira. Kazaliwa katika ukoo wa wanaochukia vifaa, naye ndiye aliyetawala boma lote.

Mji wetu unamfahamu vizuri. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa 2004 na kuanza kazi 2006 katika mpango wa afya wa AMPATH papa hapa, hujengwa na watu waliotawanyika duniani, na kwa miaka marekebisho yake yamepangwa kwa tiketi za Jira zenye neno TRUNK na namba. Fundi wa Eldoret anaamka, mwenzake wa Indiana amelala, tiketi haisinzii. (Hapa, kwa bahati mbaya, ninasifu kwa dhati.)

Sasa tutazame ukarimu wake. Sista wa kliniki fulani analalamika kwamba kitufe cha kuhifadhi hakiitikii. Zamani angepaza sauti tu, "Kijana, hebu njoo uone," na kitufe kingepona papo hapo. Aibu iliyoje! Kazi imekwisha bila ushahidi. Siku hizi lalamiko linapewa namba, rangi na mtu wa kulishughulikia. Timu inakaa kukadiria uzito wake: ni 3 au ni 5? Hakuna 4, usiulize. Linaingizwa kwenye sprinti, yaani awamu ya kazi, ya wiki mbili, linavutwa kutoka safu ya kazi zinazongoja hadi safu ya kazi zinazofanywa, na hapo linatulia kwa heshima zote. Bosi akiuliza, anaonyeshwa ubao. Anaona rangi, anaridhika. Sista anaendelea kubofya mara tatu.

Kikao cha kila siku nacho ni cha dakika 15, na watu husimama ili wasinogewe. Mwongozo wa skramu, utaratibu wenye sprinti na vikao hivi, hautaji programu yoyote, lakini nani ana moyo wa kumtazama mwenzake usoni asubuhi yote hiyo? Kila mmoja anahutubia skrini.

Na viporo! Kuna tiketi ambayo aliyeifungua alishahamia Nairobi, na ukurasa inaousema uliondolewa, ila bado ina alama nyekundu ya dharura. Majuzi mgeni wa timu akaandika chini yake: "Hili bado linahitajika?" Timu nzima ikapata barua pepe. Hakuna aliyejibu. Ijumaa sprinti ikafungwa, na programu, kwa upole wake wa siku zote, ikauliza kama iipeleke sprinti ijayo. Msimamizi akabofya ndiyo.