Kwa Heshima ya Mvumo wa Kilomita 90

Wapo watu wasio na shukrani. Wameagiza gari la mtumba kutoka Japani, wamelilipia ushuru uliokaribia bei ya gari lenyewe, kisha wanalalamika kwamba ndani kuna kelele. Kelele hiyo wamepewa bure. Haikuandikwa kwenye ankara, haikutozwa kodi, wala hakuna aliyewahi kuidai risiti.

Tena ni kelele yenye adabu. Mjini haijitokezi. Ubungo, Kimara, Mbezi, inakaa kimya na foleni yake. Ukishapita Mlandizi mshale ukakaribia 90, ndipo inapobisha hodi: vuuu, jirani na sikio la kulia, pale nguzo ya kioo cha mbele inapokutana na mlango. Wanaosomea mambo ya upepo wanasema nguvu ya sauti hii hupanda kwa takriban kipeo cha sita cha mwendo. Ukitoka 50 kwenda 100, imeongezeka kama mara 64. Na kwa kuwa vijijini mwisho ni 50, na askari wenye tochi wanajua kuchagua mti wa kujibanza, dereva mwenye mvumo wa uhakika hana haja ya kutazama spidi mita. Akiusikia anajua keshakosea.

Lakini fadhila yake kubwa ni kazi inayotupa. Mwanamume aliyemaliza kupaua nyumba, na ambaye timu yake imetolewa mapema, anahitaji sababu ya kuamka Jumamosi. Mvumo unamwamsha, unampeleka gereji, unamkutanisha na watu. Kila fundi husikia anachouza. Muuza tairi anainama, anapapasa: "Bosi, hizi zimeliwa vipandevipande, shokapu zimekufa." Fundi wa chini hainami hata kidogo: "Mzee, hiyo beringi." Wa bodi anabonyeza mlango kwa kidole gumba na kutikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu: raba zimelala. Kinachopendeza ni kwamba mara nyingi wote watatu wako sahihi.

Ndipo unapoanza uchunguzi, na uchunguzi unataka barabara ndefu, yaani mafuta. Ukiwa kwenye mwendo unaweka niutro. Mvumo ukibaki vilevile, injini imevuliwa tuhuma. Lami ya kokoto iliyochoka ikikabidhi kijiti kwa kipande kipya, tairi hubadili sauti papo hapo, ilhali upepo haujali unapita juu ya lami gani. Wenyewe hubadilika unapopishana na lori. Kwa beringi, unayumbisha gari taratibu. Ukikunja kulia uzito unaegemea kushoto, na beringi ya kushoto kama imekwisha inapandisha sauti. Ukikunja kushoto inatulia. Kipimo hiki ni cha kuaminika sana, ila kisifanywe mama mkwe akiwa kiti cha nyuma. Atanyamaza kwa muda, kisha aulize kwa upole, "Baba, umekula kweli leo?"

Kwa raba za mlango inatumika noti ya shilingi 1,000. Unaifungia mlangoni, nusu ndani nusu nje, unaivuta polepole, unasogea kidogo, unaifungia tena, mpaka uumalize mlango wote. Raba nzima huing'ang'ania. Pale inapoteleza bila ubishi, ndipo upepo unapopita. Kwa ufahamu wangu hii ndiyo shughuli pekee ya gereji ambayo noti hurudi mfukoni.

Wenye imani zaidi huenda kwenye ule utepe wa karatasi wa mafundi rangi. Wanaziba maungio yote, milango, taa, kingo za kioo, vioo vya pembeni, kisha wanaingia barabarani na kubandua kipande kimoja baada ya kingine, wakisikiliza. Mvumo ukirudi, kipande cha mwisho kubanduliwa ndicho kilichokuwa kimeufunika. Askari atakusimamisha akupe pole ya ajali. Pokea.

Keria ya juu nayo isisahauliwe. Mwaka 1878 mwanafizikia Vincenc Strouhal alionyesha kwamba mlio wa waya upeponi unategemea kasi ya upepo na unene wa waya. Bomba la milimita 25, kwa kilomita 100 kwa saa, linatoa hezi 220 hivi, sauti ambayo kwaya yoyote ingeweza kuanzia wimbo. Ukilizungushia kamba ya manila kama mzabibu, upepo unapoteza mpangilio na wimbo unakatika. Sijui kwa nini mtu afanye hivyo.

Maana ukimya hauna mwisho. Mwaka 1958 David Ogilvy aliitangazia Marekani kwamba ndani ya Rolls-Royce inayokwenda maili 60 kwa saa, kelele kubwa kuliko zote ni ya saa ya umeme. Inasimuliwa kwamba mhandisi wa kampuni alipousoma mstari huo aliona sasa ni zamu ya kuishughulikia saa.

Jirani yangu alifanikiwa. Alibadili raba, beringi na tairi, akaifunga keria kamba, na gari likatulia kama msikiti saa nne asubuhi. Safari ya kwanza kwenda Morogoro akasikia kifungo cha mkanda kikigonga plastiki, dashibodi ikilia kila tuta, na chupa ya maji ikibingirika chini ya kiti. Zaidi ya hayo alisikia, neno kwa neno, swali la kile kiwanja cha shemeji, swali ambalo kumbe lilikuwa likiulizwa kila safari tangu Chalinze. Juzi nimemkuta Ilala kwenye spea za mtumba akiulizia keria nyingine, ya bomba nene, isiyo na kamba.