Nane Hadi Moja: Shule ya Mapadre Pembezoni mwa Jiji

Shule ya Kanisa nje kidogo ya Dar es Salaam huitambui kwa bango. Unaitambua kwa michongoma iliyopunguzwa sawasawa kama vichwa vya kidato cha kwanza, na kwa mlinzi anayekupokea kwa "Tumsifu Yesu Kristo" na kusubiri uitikie ndipo afungue geti. Nilisoma shule ya namna hiyo, ya bweni, na leo mwanangu yuko kidato cha pili katika nyingine. Tuhesabu basi mambo manane ya shule hizi, tukianzia chini.

8. Fomu ya kujiunga

Ndoo mbili, fyekeo, jembe na mpini wake, rimu ya karatasi, shuka za bluu jozi mbili, viatu vyeusi vya kamba, tranka lenye kufuli. Baba akifika nusu ya orodha huuliza mtoto anakwenda kusoma au anakwenda kuoa. Mama hajibu. Ameshapanda daladala ya Kariakoo.

7. Makande

Wahitimu wakikutana, hata baada ya miaka ishirini, hakuna anayeuliza habari za logi. Wanaulizana nani alibadilisha bakuli lake kwa kipande cha sabuni. Ijumaa za Kwaresima nyama haikuonekana mezani, kama Kanisa linavyoagiza. Ijumaa nyingine nazo zilikuwa za ibada vilevile!

6. Kengele ya saa sita

Mwalimu wa hesabu yuko katikati ya mlinganyo, kengele inalia, chaki inashushwa, darasa zima linasimama kusali Malaika wa Bwana. Ukiwa hujui jibu, hakuna kengele tamu kama hiyo.

Mwenzangu wa dawati alikuwa Muislamu wa Mbagala. Alisimama nasi, mikono nyuma, kimya, na hakuna aliyemlazimisha kufungua kinywa. Ramadhani ilipofika, sista aliyeshika funguo za jiko, mkali ambaye hata paka wa shule alimkwepa, alimwekea uji wa moto na viazi chini ya sahani iliyofunikwa. Magharibi ikiingia, anamwita kwa jina. Kijana alikuwa akirudi bwenini na viazi viwili mfukoni, kimoja changu. Wanaouliza kwa nini mzazi Muislamu ampeleke mwanawe kwa mapadre, mimi nawajibu kwa viazi hivyo. Ada inalipiwa masomo, lakini kuna wema ambao hauandikwi kwenye risiti.

5. Kumi bora

Januari 2023, NECTA ilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, iliacha kutangaza shule kumi bora. Mapadre wakasema ni vyema, kiburi ni dhambi. Wazazi wakachukua kalamu wakaanza kujumlisha wenyewe.

4. TYCS

Chama cha wanafunzi Wakatoliki. Wapo walioingia kwa sababu ya imani, na wapo walioingia waliposikia kongamano litafanyika shule ya wasichana. Mungu aliwapokea wote.

Mbinu yake ni maneno matatu, ona, amua, tenda, na ilitoka kwa padre Mbelgiji, Joseph Cardijn, aliyewafikiria kwanza vijana wa viwandani, na ambaye mwaka 1965 alifanywa kardinali. Kwetu ilifika hivi: tuliona bibi mmoja nyuma ya ukuta wa shule akipandisha maji kutoka bondeni. Tukaamua. Kila Jumamosi ndoo sita, kwa zamu. Mwezi wa kwanza alitushukuru. Mwezi wa pili akaanza kutugombeza tukichelewa, na hapo tukajua tumekuwa wajukuu.

3. Kwaya

Sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, ni tarehe 22 Novemba. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne nao ni Novemba. Kwa hiyo siku ambayo kwaya inapaswa kung'ara, sauti ya nne iko kwenye chumba cha mtihani, na kidato cha tatu wanabaki na besi nyepesi kama chai ya bwenini. Umeme ukikatika, kinanda kinanyamaza, kwaya haijui kama umekatika.

2. Deki

Mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa muuza mkaa, ndoo moja, tambara moja. Sakafu haiulizi baba yako nani.

1. Mwalimu

Julius Nyerere aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, alikwenda kufundisha shule ya mapadre, Mtakatifu Fransisko, Pugu. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954 akiwa bado anashika chaki, na mwaka 1955 akaacha kazi ili ashughulikie siasa. Wengine wakipanda cheo huacha jina la zamani mlangoni. Yeye aliingia Ikulu akiwa Mwalimu, akatoka akiwa Mwalimu. Shule ile sasa ni ya serikali, na Barabara ya Pugu inaitwa Barabara ya Nyerere.

Mwalimu wangu mimi alifundisha fizikia. Baada ya prepo alibaki na waliokwama, mpaka daladala zikaisha, akarudi kwake kwa miguu na tochi. Hakuwahi kudai senti ya masomo ya ziada. Amestaafu. Mwezi uliopita nilimkuta sokoni akichagua nyanya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Yule mwenzako wa dawati, wa Mbagala, yuko wapi siku hizi?"

"Anafundisha fizikia, Mwalimu."

Akairudisha nyanya kwenye fungu, akanishika mkono, akataka nimweleze shule gani.