Mamba, Kamba na Kalamu ya Wino

Anayeharibu fumbo la maneno gazetini si neno gumu. Neno gumu lina adabu: likikushinda, visanduku vyake hubaki vyeupe, nawe unajijua kwamba hujui. Maafa huletwa na neno jepesi, lile linalojazwa kwa wino kabla chai haijapoa. Chukua dokezo namba saba, Kulia (jina ambalo mwanzoni huonekana ni la upande tu): "Huishi majini", herufi tano. Mjazaji anaandika mamba. Kwa kuwa ni mtu makini, anahakiki kwa maneno yanayoshuka. A imekubali, m imekubali, b imekubali, na a ya mwisho nayo imekubali. Mashahidi wanne, hakuna hata mmoja aliyesema uongo, na wote wamemponza, maana jibu lilikuwa kamba. Yule humla mtu, huyu huliwa na mtu kwa wali wa nazi, na kilichowatenga ni herufi moja ya mwanzo.

Si uzembe wake peke yake. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alipochapisha fumbo lake katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, alilitunga kwa Kiingereza, lugha ambayo neno huweza kufungwa na konsonanti za kila namna na wingi kwa kawaida huonekana mkiani. Sisi wingi tunauweka kichwani, kiatu kikawa viatu, na mkiani tunaweka irabu, hata kwa wageni: benki na soksi hazikuingia mpaka zilipovishwa i. Kwa hiyo wasia wa wakongwe, kwamba uziamini herufi za makutano, kwetu una kasoro. Irabu ya mwisho ni kama mkwe mpya: huitikia kila anachoambiwa. (Ng'ombe tumwache kwanza, maana hatujakubaliana ritifaa yake ilale kisanduku gani.)

Mwalimu wa sarufi atapinga kwamba ngeli huitaja herufi ya kwanza bure. Ni kweli. "Vya kuvaa miguuni" ni viatu. "Za kuvaa miguuni" ni soksi. Hapo mtungaji amejisaliti mwenyewe. Lakini mtungaji mjanja haandiki hivyo. Anaandika "Huvaliwa miguuni", na ile hu- haina ngeli wala umoja wala wingi. Imefagia nyayo zote kama mwizi wa kuku. Viatu herufi tano, soksi herufi tano, na kalamu iko mkononi.

Wengine watauliza kwa nini isitumike penseli. Penseli ni ya daftari. Karatasi ya gazeti ukiifuta mara mbili hutoboka, na tundu hilo hutokea upande wa pili, mara nyingine katikati ya paji la uso la marehemu kwenye tangazo la tanzia, jambo ambalo ni vigumu kulieleza kwa wenye kusoma baada yako. Waliobaki husema mtu asubiri tu, majibu yatachapishwa kesho. Yatachapishwa, ndiyo. Ila kufikia kesho asubuhi ukurasa wa leo umeshafungia vitumbua, na mamba amelowa mafuta, yumo palepale kwenye visanduku vya kamba.