Sentimita Mbili za Mwisho

Mto wa kochi hauna siri. Ukishashonwa unawekwa sebuleni, mgeni anauegemea akisubiri chai, na kama kona yake ina uvimbe wa zipu, vidole vyake vitaufikia kabla sukari haijafika mezani. Ataupapasa. Atauminya. Mwenye nyumba atajifanya anatazama televisheni.

Ajabu ni kwamba zipu yenyewe katikati huwa imenyooka. Katikati hapamshindi hata aliyeanza kukanyaga cherehani juzi. Balaa liko kwenye ncha, zile sentimita mbili za mwanzo na mbili za mwisho. Kwenye pochi ya kitenge yenye bitana, sindano ikifika pale ubavuni inakuta tabaka mbili za kitenge, mbili za bitana, utepe wa zipu uliokunjwa, na mapindo ya mishono yote iliyotangulia. Vyote vinataka kukaa mahali pamoja. Pochi ikigeuzwa, kona iliyotakiwa iwe kali inatoka imevimba kama andazi.

Wabunifu wa zipu hawakuhangaika sana na jambo hilo. Whitcomb Judson, Mmarekani aliyeonyesha kifungio chake Chicago mwaka 1893, alikuwa na taabu kubwa zaidi: vifungio vyake vilikuwa na tabia ya kufunguka vyenyewe. Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Sweden, ndiye aliyeyabananisha meno hadi kama kumi kwa kila inchi mwaka 1913, na hati ya ubunifu wake ikatoka 1917. Miaka sita baadaye kampuni ya B.F. Goodrich ikaitia zipu kwenye viatu vya mpira vya mvua, ikalieneza na jina hilo. Kazi ya kuificha ncha ndani ya kitambaa waliwaachia mafundi, na mafundi nao wakawaachia wateja.

"Fundi, hii kona mbona ina gololi?"

"Ukiukalia mwezi mmoja italainika, mama."

"Huu ni mto wa kuegemea, baba, si wa kukalia."

"Basi ugeuze tu, hiyo kona iangalie ukutani."

Anayejishonea nyumbani hana fundi wa kulaumu, kwa hiyo hujitafutia misiba yake mwenyewe. Mkubwa kuliko yote ni kushona pande zote za pochi huku zipu imefungwa. Kazi inakwenda vizuri, nyuzi zinakatwa, kona zinapunguzwa kwa mkasi, kisha inafika saa ya kugeuza. Hapo ndipo inapogundulika kwamba mlango wa kutokea ni ile zipu, na mkia wa kuivutia umefungiwa ndani. Wapo wanaofaulu kukisukuma kichwa kwa kucha kupitia kwenye kitambaa, milimita baada ya milimita, wakiongea na zipu kwa maneno yasiyofaa kuandikwa. Wengi hufumua. Dawa yake haina gharama: kabla ya kushona ubavu, zipu ifunguliwe nusu.

Kisha kuna zipu ya mita. Pale Kariakoo huuzwa kwa rola, vichwa vyake kando, nayo ni nafuu na mtu anakata urefu autakao. Tatizo ni kwamba ncha iliyokatwa haina kile kibati cha kuzuia kichwa kisipite. Mtu anavuta kwa furaha ya kujaribu, kichwa kinapitiliza, kinadondoka na kuingia chini ya kabati. Kukirudisha ni kazi ya mikono mitatu, ila uma wa mezani husaidia: kichwa kinachomekwa kwenye meno ya uma, uma unashikiliwa, kisha pande mbili za utepe zinaingizwa kwa pamoja. Kikisharudi, ncha zishonwe hapo hapo kwa sindano ya mkono, mishono mitatu minne ikivuka meno. Wengine huziunguza kwa kiberiti cha gesi. Moto unazuia utepe wa nailoni usichambuke, hilo ni kweli, lakini unaacha ukingo mgumu unaokwaruza, na hauunganishi pande mbili vya kutosha.

Zipu ya chuma haitaki utani wa namna hiyo. Sindano ya cherehani ikikutana na jino la chuma huvunjika, na kipande chake hakisemi kinaelekea wapi. Meno ya pale utakapopita mshono hung'olewa kwanza kwa koleo. Nailoni hukatwa kwa mkasi wa kawaida na kushonwa juu yake, gurudumu likizungushwa taratibu kwa mkono.

Kinachomaliza uvimbe ni kuikataza zipu isifike ubavuni. Tuseme kipande cha pochi kina upana wa sentimita 22, na mshono wa ubavu unakula sentimita moja kila upande. Zipu ionekane sentimita 18 tu. Mbili zinazobaki kila upande ziwe kipande cha kitambaa kilichoshonewa kwenye ncha, na utepe uliojificha chini yake ukatwe usivuke mstari wa mshono. Ubavu ukishonwa, sindano inakutana na kitambaa peke yake.

Foronya ya sentimita 40 ina njia rahisi zaidi. Chukua zipu ya 30. Shona kabisa sentimita tano za kila mwisho wa upande huo, katikati upige bandi, kisha upasue mshono kwa pasi. Zipu inalazwa kifudifudi juu yake na kushonwa, mwishowe bandi inafumuliwa. Ncha zote mbili zinabaki nyuma ya mshono uliokwisha kufungwa, mbali na kona.

Zikabaki kona zenyewe, ambazo baada ya kugeuzwa husukumwa kwa ndani zisimame. Kijiti butu kinafaa, hata penseli isiyochongwa. Mkasi, unaopendwa kwa sababu tayari uko mkononi, hutokea upande wa pili.