Ombi la Bondo Kutembelewa na Sanaa

Kwa Mheshimiwa Waziri,
Wizara ya Utamaduni (pamoja na lolote jingine ambalo itakuwa imekabidhiwa barua hii ikifika),
Nairobi.

Mheshimiwa,

MINTARAFU: KUSAJILIWA KUWA KIJIJI CHA MBALI

Tumesikia kwamba siku hizi sanaa haikai tena ndani ya majumba. Hupakiwa kwenye magari, ikapelekwa kwa watu wa pembezoni, hasa wa jangwani, ikatandazwa juani, ikapigwa picha, kisha ikafungasha virago. Nasi tunaomba tuingizwe kwenye orodha.

Kikwazo chetu, tunajua, ni Ziwa Victoria. Jangwa hupendeza zaidi kwenye picha, na wenzetu wa Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, wamejaliwa: ziwa wanalo, ila limezungukwa na jangwa, na wana mawe, upepo na tamasha tangu 2008. Lakini msituhukumu kwa ramani. Njooni kiangazi, mifereji ikikauka, mwone punda na mitungi yao ya njano ubavuni, maji yakiuzwa mtungi kwa mtungi kwa watu wanaoishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Jangwa gani litawapa kioja kama hicho? Dosari nyingine ni lami, inayotoka Kisumu ikapitia Kisian na Ndori, na chuo kikuu chetu kilichopata hati mwaka 2013. Hivyo tutavifunika turubai wageni wakija. Mkisisitiza umbali, kuna kisiwa cha Mageta, ambako serikali ya mkoloni iliwafungia watu wa Mau Mau. Nairobi haiwezi kusema haijui njia ya kwenda huko.

Kuna jambo moja ni heri mlijue mapema, lisije likawaharibia ufunguzi. Sanaa ya kutembea tunayo tayari. Nendeni ufuoni Usenge asubuhi, boti zikiwa zimevutwa mchangani. Fundi akishaziba nyufa za mbao kwa pamba, mchoraji huja na mabaki ya rangi ya mafuta kwenye mikebe, ubao ukajaa: meno ya msumeno, mekundu juu ya buluu, jicho, jina la nyanya yake mwenye boti, timu ya Uingereza, aya ya Zaburi. Usiku maonyesho hayo yote huingia majini kutafuta omena, dagaa wetu wa ziwani. Hupigwa na mawimbi, yakarudi yamechubuka, yakapakwa upya. Hayana mlinzi wala mfadhili. Na katika mchoro mzima, serikali husoma sehemu moja tu: namba ya usajili.

Hatuwalaumu. Rangi inayosonga imewatia wasiwasi tangu zamani. Februari 2004, kanuni za marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilipoanza kutekelezwa, matatu zilivishwa mstari wa manjano kama wanafunzi wa bweni, na vijana waliokuwa wakiishi kwa kuzichora wakabaki na brashi mkononi. (Mikanda ya usalama iliyokuja na kanuni hizo tunaisifu. Hakuna aliyewahi kugongwa na mchoro.)

Sanaa ya Kenya ikihitajika ng'ambo, mambo huwa matamu zaidi. Mwaka 2013 banda la Kenya kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, lilijaa wasanii kutoka China. Mwaka 2015 mpango ukawa uleule, hadi wasanii wetu walipopiga kelele na wizara ikaukana. Inasikitisha, maana Venice ni mji wa boti. Mngetuma boti moja ya Usenge, ingepata hata kibarua.

Tuna sharti moja. Mwaka 2009 Mfaransa anayejiita JR alikwenda Kibera akafunika mapaa, kama mita za mraba 2,000, kwa picha kubwa za nyuso za wanawake wa pale. Wasomi wanaweza kubishana kuhusu maana yake hadi kesho. Sisi tulichopenda ni kwamba picha zilichapwa kwenye plastiki isiyopitisha maji, mvua ikanyesha na watu wakalala pakavu. Huyo walau aliuliza nyumba inavuja wapi. Hapa omena huanikwa kwenye nyavu chini, na wingu likitanda ghafla akina mama hutimua mbio na mabeseni. Isiyowahiwa hulowa, bei ikaporomoka, ikaishia kuwa chakula cha kuku. Basi leteni mchoro wowote, hata wa uso wako, Mheshimiwa, ilimradi uwe mpana na usivuje. Wakiondoka wasanii, wauache.

Kuhusu sherehe, viti na hema tutakodi wenyewe, na wazee wameahidi kupiga makofi kila mkitaja neno jumuishi. Ila hotuba zikomee saa tisa alasiri. Baada ya hapo wavuvi wanasukuma boti majini, na mgeni rasmi atabaki akifungua mchanga.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Bondo